Somo: Alamu ya gari inapolia na mwizi hayupo

Wengi wanaoniletea gari hapa Malindi kwa ajili ya alamu wameshaambiwa kwamba kompyuta imeungua, na bei wametajiwa. Mara nyingi kompyuta ni nzima. Kilichoharibika ni kitu kidogo, na kwa sisi tunaopigwa na upepo wa kusi, wa kushukiwa kwanza ni chumvi. Hapa nazungumzia alamu iliyotoka na gari kiwandani. Ile ya kufungiwa dukani ina waya zake na vituko vyake.

Alamu na imobilaiza ni vitu viwili. Alamu hupiga honi na kuwasha indiketa mlango ukifunguliwa kinyume na utaratibu. Imobilaiza haipigi kelele. Kazi yake ni kuizuia injini mpaka isome chipu iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo. Kwa hiyo gari linalolia saa nane za usiku na gari lisilowaka asubuhi yana magonjwa tofauti, ingawa taa yao nyekundu kwenye dashibodi mara nyingi ni hiyo hiyo moja.

Hatua ya 1: Linyamazishe. Fungua kwa rimoti. Ikikataa, ingia, tia ufunguo, zungusha mpaka taa za dashibodi ziwake au washa injini kabisa. Kwa Toyota nyingi kelele hukoma hapo. Usikate waya wa honi! Magari mengi hutumia honi ile ile ya barabarani, na huko Gedi ng'ombe wakikukatia njia utaitafuta.

Hatua ya 2: Betri. Ipime kwa mita ya umeme asubuhi kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 ni nzuri, ikikaribia 12.0 betri imekwisha, na umeme mdogo huifanya alamu iweweseke. Injini ikiwaka mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, fungua upande wa hasi kwanza, osha kwa maji moto na magadi kidogo, kausha, kaza, paka grisi. Fuata pia waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi, maana kutu hupenda kujificha chini ya ile boliti.

Hatua ya 3: Swichi ya boneti. Hapa ndipo penye kesi nyingi. Ni kijiti cha plastiki karibu na loki ya boneti, au kimo ndani ya loki yenyewe, na boneti ikifungwa hubonyezwa. Vumbi, chumvi na grisi ya zamani vikigandana, kijiti hubaki nusu juu nusu chini. Usiku bodi inapoa, boneti inasogea kiasi cha unywele, mguso unaachia, na alamu inaamini boneti imefunguliwa. Ndiyo maana gari la namna hii hukaa kimya mchana kutwa likaamsha mtaa usiku. Chomoa soketi yake utazame pini. Zikiwa za kijani, zisugue kwa mswaki mkavu na dawa ya kusafishia soketi za umeme. Kisha weka mita kwenye swichi na ubonyeze polepole, mara nyingi. Mbovu hukatakata katikati ya mwendo.

Hatua ya 4: Milango na buti. Weka taa ya ndani kwenye nafasi ya mlango, fungua na ufunge mmoja mmoja. Mlango ambao taa haiuoni, au taa inamemeta baada ya kufungwa, ndio wenye tatizo.

Ukimaliza, funga gari kwa rimoti usubiri. Kwa Toyota nyingi taa ya ulinzi hukaa imewaka, na baada ya sekunde 30 hivi huanza kumemeta. Isipomemeta, bado kuna kitu gari linakiona wazi.

MASWALI

Fundi, mimi huliacha gari Mokowe nikivuka kwenda Amu, wiki nne wakati mwingine. Nikirudi betri imekufa. Ni alamu?

Si alamu peke yake, kaka. Gari lililolala linaweza kula miliampia 50, yaani ampia-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampia-saa 45 haifiki mbali zaidi ya mwezi, na iliyochoka haifiki hata hapo. Ukiondoka, fungua waya wa hasi na ufunge milango kwa ufunguo. Siku ya kuurudisha shika ufunguo mkononi, kwa sababu magari mengine hukumbuka yalivyoachwa na hulia umeme ukirudi.

Rimoti yangu imekufa. Nikifungua kwa ufunguo, gari linalia kama nimeliiba!

Dada, aina fulani hufanya hivyo makusudi. Tia ufunguo na uwashe, litakutambua. Kama gari lako ni la kuwashwa kwa kitufe, gusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe huku umekanyaga breki. Kisha badilisha betri ya rimoti. Soma namba kwenye ile ya zamani, CR2032 na CR2016 hazilingani unene.

Alamu haina shida, ila gari huwaka siku moja likakataa siku ya pili.

Tazama shada la funguo zako. Funguo mbili zenye chipu zikikaribiana kwenye swichi huweza kuchanganya imobilaiza. Tenganisha, jaribu na ufunguo wa akiba. Wa akiba ukiwasha kila mara, ugonjwa uko kwenye ule wa kwanza.

Nikiacha kioo wazi kidogo kwa joto, linalia. Vipi?

Gari lako lina kihisio cha mwendo ndani. Upepo unatosha kukiamsha, na nzi mkubwa pia. Funga kioo, au tafuta kitufe cha kukizima kihisio hicho kabla ya kufunga milango.