Somo: Kuiamsha vakyumu ya zamani bila ya kuiua

Assalaam alaykum wanachama. Tangu niweke picha ya vakyumu yangu ya zamani, Hoover Junior, kila anayeniandikia anauliza lile lile: nimepata mashine ya kuvuta vumbi ya zamani, nianze wapi? Jawabu fupi ni kwamba usiichomeke. Jawabu refu ndilo hili hapa chini.

Na nasema hivi kwa sababu nshaua. Kirby (vakyumu ya Kimarekani) ya kwanza niliyoipata nilikaa nayo dakika arubaini tu. Niliikuta kwa muuza chuma chakavu Mwanakwerekwe, hapa Unguja, imelala juu ya rundo la rimu na sufuria zilizotoboka, inangoja kupimwa kilo. Mwili wa Kirby ni alumini ya kusubu, na mafundi wa sufuria wanaipenda kweli alumini hiyo. Kabla ya Ijumaa ingekuwa inapikiwa wali. Nikalipa, nikapanda nayo daladala nimeipakata kama mtoto. Nyumbani nikabadilisha plagi, nikachomeka. Ikalia kama ndege inayopaa. Sekunde nne, tano, kisha moshi ukatoka hadi kwenye mfuko. Nilipoipindua nikaona kibao chake chini ya tumbo: volti 115. Umeme wetu ni 230. Kibao kilikuwepo siku zote, mie ndiye sikuinama.

Hatua ya kwanza: kununua

Tuna njia tatu za kuzipata. Makontena ya used yanayoshushwa Mlandege na Darajani, wauza chuma chakavu, na nyumba za jamaa waliokwenda Maskati au Dubai wakarudi na mizigo. Njia ya tatu ndiyo bora, maana mashine za Maskati huwa za volti 240 na plagi zake za pini tatu bapa kama zetu.

Kabla hujatoa pesa, fanya mambo matatu. Inusa pale hewa inapotokea: harufu ya vanishi iliyoungua ina maana koili imekwisha, na kusuka koili upya ni ghali kuliko mashine. Zungusha feni au brashi kwa mkono. Ikikwama kwa kutu si neno, ikikwaruza kama ina changarawe uliza bei nyengine. Halafu soma kibao. Ukikuta “c/s” au “cycles” badala ya Hz (kipimo cha marudio ya umeme kwa sekunde), umeshika kitu cha zamani, kwani Hz ilikubaliwa kimataifa mwaka 1960 na viwanda vikachukua miaka kadhaa kuizoea. Ukikuta “Perivale, Greenford, Middlesex”, hiyo ni Hoover ya Uingereza iliyotoka kwenye lile jengo jeupe la London lililofunguliwa 1933. Jengo bado limesimama, ila vakyumu hazitoki tena humo.

Hatua ya pili: kufungua

Fungulia uani au barazani, si sebuleni, na vaa barakoa. Vumbi lililomo ndani ni la nyumba ya watu usiowajua, la miaka usiyoijua.

Piga picha kwa simu kila ukitoa kitu. Skrubu ziweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutoka: shimo la kwanza skrubu za kwanza, na kuendelea. Ukirudisha unaanza nyuma. Sehemu nyeusi au za hudhurungi zinazong'aa kama pembe ni bakelaiti, plastiki ya mwanzo kutengenezwa kwa kemikali tupu, iliyovumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Haikunjiki. Ukiilazimisha inavunjika kama sahani, na hakuna gundi itakayoficha aibu yako.

Hatua ya tatu: waya (hapa tukae)

Waya wa mpira wa miaka ya 1940 na 1950 ukiukunja unapasuka kama mkate mkavu. Usiufunge tepu. Utoe wote, tia mpya.

Linaloua watu ni rangi. Mafundi wetu wengi wamelelewa na rangi za Kiingereza. Za zamani: nyekundu laini (waya unaoleta umeme), nyeusi nyutro (unaourudisha), kijani ethi (wa kinga, unaokwenda ardhini). Tangu karibu 1970: hudhurungi laini, buluu nyutro, kijani na manjano ethi. Sasa ikija mashine ya Kimarekani, nyeusi ndiyo laini na nyeupe ndiyo nyutro. Na ikija ya Kijerumani ya zamani, ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, nyekundu ndiyo ethi. Isome tena sentensi hiyo. Fundi anaifunga nyekundu kwenye laini kwa mazoea, na nyekundu ile imeshikana na mwili wa chuma. Atakayeishika kwanza huenda akawa mtoto, miguu mitupu, juu ya sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.

Kwa hiyo usiamini rangi. Chukua testa ya mita, iweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ufuate kila waya unakwenda wapi. Mwili ukiwa wa chuma na waya ni mbili tu, badilisha utie waya wa nyuzi tatu na ethi ifungwe kwenye mwili. Mashine yenye alama ya mraba ndani ya mraba hiyo imekingwa mara mbili, haihitaji ethi.

Karibu na swichi au mota utakuta kijikopo kama kipande cha chaki, kina miguu miwili au mitatu. Ni kapasita ya kuzuia redio isikwaruze mashine ikiwaka. Ndani yake kuna karatasi, na karatasi kwa hewa yetu ya bahari hunyonya unyevu mpaka umeme unavuja kwenda mwilini. Ikate. Mota haiitegemei. Ukitaka redio ya jirani isikwaruze, tia mpya.

Hatua ya nne: mota

Toa kaboni mbili, vile vipande vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Zikiwa fupi kuliko ncha ya kidole chako kidogo, tafuta mpya kwa wauza spea za drili; za drili hukaa vizuri ukizisugua mpaka zienee. Pete ya shaba yenye vipande vipande, ile kaboni zinapogusa, isugue kwa msasa laini sana, kisha pitisha kijiti cha meno kwenye kila mfereji utoe unga. Msasa mweusi wa chuma usiutumie, chembe zake zinapitisha umeme.

Beringi zioshe kwa mafuta ya taa, zikauke, zitie grisi mpya kidogo. Mtu mmoja aliniambia alitia mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ni ya nywele na ya mchuzi. Asubuhi ya kipupwe yanaganda.

Hatua ya tano: kuiwasha kwa taa

Sasa ndiyo umeme, lakini upitie kwenye globu kwanza. Chukua globu ya zamani ya waya, wati 100 (hizi mpya za LED hazifai), uifunge kwenye laini kabla ya mashine, umeme ukitoka ukutani upite kwenye globu ndipo ufike kwenye mota. Washa. Mashine ikiwa haina hitilafu, mota itazunguka polepole, na globu itafifia kidogo kadiri mota inavyoshika kasi. Globu ikiwaka nyeupe kamili na mota imekaa kimya, kuna shoti. Zima, rudi hatua ya tatu. Kwa njia hii kosa lako litawasha taa, halitaunguza koili. Laiti ningeijua siku ile ya Kirby. Hata hivyo ya volti 115 hata kwa globu haipiti. Hiyo lazima transfoma.

Hatua ya sita: mfuko

Watu wanaidharau, na mie naona ndiyo roho ya vakyumu. Hubert Cecil Booth, Mwingereza aliyetengeneza mashine kubwa ya kuvuta vumbi mwaka 1901, alianza kwa kuweka anchifu mdomoni na kuvuta hewa kwenye kiti cha mkahawa. Alipoitazama anchifu upande wa pili akaona vumbi limenasa, akajua jambo linawezekana. Mashine yake ilivutwa na farasi na kuegeshwa nje ya nyumba, mipira ikaingizwa madirishani. Kule Marekani, James Murray Spangler, mfagizi wa duka mjini Canton, Ohio, alikuwa na pumu na ufagio unamuumiza. Akaunganisha mota ya feni na mpini wa ufagio, na mfuko wake ukawa foronya ya mto. Hataza akaipata 1908, na haki zake zikanunuliwa na William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi, ambaye jina lake ndilo Waingereza wanalolitumia mpaka leo kwa vakyumu yoyote.

Basi usione haya kushona. Mfuko wa ndani uliochanika, mie hushona kwa marekani, ile nguo nzito isiyopaushwa, mikunjo miwili, mshono uwe kwa ndani. Kanga ni nyepesi, inapitisha vumbi laini. Mfuko wa nje wa asili wenye maandishi usiufue. Uanike kivulini umegeuzwa, upige kwa kijiti.

Hatua ya saba: kung'arisha na kuweka

Alumini yetu hutoka unga mweupe kwa chumvi ya bahari. Ndimu na ukwaju viwachie sinia za shaba. Kwenye alumini vikikaa vinaweza kuila. Tumia dawa ya kung'arisha magari, kisha nta. Bakelaiti nayo hivyo hivyo.

Usiifunike kwa mfuko wa plastiki, inatoa jasho ndani. Kipande cha shuka kinatosha. Mkanda wa brashi utoe ukiiweka muda mrefu, na kila mwezi iwashe dakika tano ikaushe mota.

Na kama utaitumia kweli, jihadhari na mchanga. Kwenye Hoover za kusimama, uchafu unapita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni. Changarawe moja kutoka Jambiani, iliyokuja kwenye kiatu cha mgeni, ilivunja jani la feni yangu, nilisikia “ta!” na tangu hapo ikawa inatetemeka. Wala usiipitishe karibu na chetezo. Kaa moja la udi likivutwa likiwa hai, mfuko wa nguo uliojaa vumbi unakuwa tanuri.

MASWALI

Mwanachama, Mbweni: Maalim, nina Kirby ya volti 115, kibao kinasema ampea 4. Transfoma ya ukubwa gani?

Jawabu: Zidisha: 115 kwa 4 ni 460. Mota ikianza huvuta zaidi ya hapo, kwa hiyo nunua ya wati 750 kwenda 1000. Iwe transfoma ya kweli, nzito, ya kukuchosha mkono. Vile vidubwasha vyepesi vya safari vya kuchajia simu haviwezi. Kuhusu marudio 50 na 60 usijali, mota hizi za kaboni hazijali.

Mwanachama, Chake Chake: Naona cheche kwenye kaboni. Ni hatari?

Jawabu: Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida, hasa kaboni mpya. Zikizunguka pete nzima kama duara la moto, zima. Ama pete ni chafu, ama koili moja imekatika.

Mwanachama, Jang'ombe: Kaka, ya mama ikiwaka dakika kumi inanuka samaki. Mama anasema paka kaficha kichwa cha changu ndani. Nimefungua sikuona kitu.

Jawabu: Dada, muambie mama paka hana kosa. Baadhi ya plastiki za zamani za umeme zikipata moto kupita kiasi hunuka samaki hasa. Angalia plagi na swichi kwanza, sehemu iliyogeuka rangi au skrubu iliyolegea. Usiitumie mpaka uipate. Na nyumbani kwenu siku ya kupika samaki musiifanyie majaribio, mutachanganyikiwa.

Mwanachama, Mkunazini: Naweza kuitolea msikitini ikavute mazulia kabla ya Ramadhani?

Jawabu: Nia njema, lakini hapana. Mazulia ya msikiti ni kazi ya saa tatu mfululizo, na itashikwa na kila mtu. Tafuteni mpya. Ya zamani waalike wazee waje kuitazama. Wapo watakaokwambia bwana gani wa Kiingereza alikuwa nayo Vuga na nani alikuwa akiivuta.

Mwanachama, Wete: Sheikh, mie yangu ni ndefu kama bomba, inateleza kwa miguu miwili mfano wa ngalawa. Imeandikwa Electrolux. Kibao kimepakwa rangi ya mlango. Fundi wetu anasema ni ya Ulaya, nichomeke tu.

Jawabu: Electrolux ilianza kuziweka kwenye miguu ya kuteleza mwaka 1921, Model V, kwa hiyo umbo hilo limedumu miaka mingi na halitoshi kutuambia imetoka wapi. Kampuni ni ya Sweden lakini Wamarekani nao walikuwa na kiwanda chao cha Electrolux. Usikikwangue kibao kwa kisu, utafuta na herufi. Loweka kitambaa kwa mafuta ya taa, kilaze juu yake usiku kucha, asubuhi sugua kwa ukucha.

Mwanachama, Wete: Nimefanya. Imetoka: Old Greenwich, Connecticut. Volti 115. Fundi kashakuja na plagi mpya, yuko hapa barazani anakunywa kahawa.

Jawabu: Mwongeze kahawa. Plagi mnyang'anye.