Krismasi Fortnum & Mason, London: cha kununua, cha kuacha na kisichovuka mpaka

Kabla hujajaza kikapu katika duka la Fortnum & Mason, amua kila zawadi itaishia wapi: mezani kwa mwenyeji wako London, kwenye treni ya kurudi Amsterdam, au kwenye begi la kwenda Mombasa. Watu wengi hununua kwanza, kisha wanakuja kunyang'anywa mpakani.

Duka lipo namba 181 Piccadilly. Shuka kituo cha Green Park au Piccadilly Circus, kisha utembee dakika chache tu. Lilianzishwa mwaka 1707 na William Fortnum, mtumishi katika jumba la Malkia Anne, akishirikiana na Hugh Mason, mwenye nyumba aliyompangisha. Saa kubwa iliyo juu ya mlango iliwekwa 1964, na kila saa inapogonga, sanamu za mabwana hao wawili hutoka na kuinamiana. Mkiwa na watoto, simameni ng'ambo ya barabara mapema kidogo. Mkijibana chini ya ukuta hamtaona kitu.

Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, mara mlango unapofunguliwa. Kuanzia mchana, Jumamosi za Desemba, ghorofa ya chini haipitiki na kigari cha mtoto. Jumapili ina mtego wake: sheria ya Uingereza ya mwaka 1994 inaruhusu maduka makubwa kuuza kwa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ndiyo maana unaweza kuruhusiwa kuingia na kutazama huku malipo bado hayapokelewi. Tarehe 25 duka limefungwa, na London nzima haina treni za chini ya ardhi wala mabasi, kwa hiyo kila kitu kinunuliwe kabla.

Ghorofa ya mlangoni ndiyo ya chai, biskuti, jamu na chokoleti. Ukishuka ngazi utakuta jibini, nyama na mvinyo. Anayesafirisha zawadi mbali abaki juu.

Chai ndiyo zawadi tunayoipendekeza kwanza: nyepesi, haiozi, haivunjiki. Royal Blend, iliyotengenezwa 1902 kwa ajili ya Mfalme Edward VII, huchanganya chai ya Assam na ya Ceylon, na inabeba maziwa vizuri. Ila mwambie utakayempa asiichemshe kwenye sufuria pamoja na maziwa na tangawizi kama majani yetu ya kawaida. Majani haya ni makubwa. Yakichemka sana hutoa uchungu na harufu yake hupotea. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe, maji yaliyotoka kuchemka, yafunikwe dakika tatu hadi tano, yachujwe, ndipo maziwa yafuate.

Biskuti za kwenye kopo la bati hufika Dar es Salaam zikiwa nzima. Chokoleti usiipeleke Pwani. Joto la Desemba litaiyeyusha kabla hujatoka uwanjani.

Asiyekula nguruwe wala kunywa pombe asome lebo kwa makini, maana vyakula vya Krismasi vya Kiingereza huficha vyote viwili. Vipai vidogo vya mince (mchanganyiko wa matunda makavu na viungo) havina nyama siku hizi, lakini mara nyingi vina brandy. Pudding ya Krismasi nayo huwekewa pombe, na mara nyingi suet, yaani mafuta ya ng'ombe, ambayo si lazima yawe halali. Neno lard ni mafuta ya nguruwe. Gelatine kwenye peremende, uliza imetokana na mnyama gani. Muuzaji wa kaunta ataangalia, usione haya.

Sasa mpaka. Tangu Januari 2021, msafiri anayetoka Uingereza kuingia nchi za Umoja wa Ulaya haruhusiwi kubeba nyama wala bidhaa za maziwa. Jibini la Stilton, hata likiwa kwenye chungu chake kizuri, litatupwa. Biskuti, keki na chokoleti zisizo na nyama zinapita. Kwa ndege, jamu na asali huhesabiwa kama vimiminika: chupa ikizidi kikomo cha uwanja unaoondokea, ambacho mara nyingi ni mililita 100, iweke kwenye begi kubwa. Fataki za mezani, zile crackers (mirija ya karatasi ambayo watu wawili huivuta hadi ikalia), zina kilipuzi kidogo. Baadhi ya mashirika ya ndege huzikataa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Marejesho ya VAT kwa wageni wanaobeba bidhaa wenyewe yalikoma London mwaka huo huo wa 2021. Hata hivyo chai na keki hazina VAT kabisa, ilhali chokoleti na pombe hutozwa asilimia 20, na tayari imo kwenye bei unayoiona.

Kile kikapu cha ufito chenye herufi F&M kinavutia, lakini unalipia kikapu na nafasi kinayokula. Kama hakibaki London, chagua vitu vitatu vinne mwenyewe na uombe mfuko. Mkikaa kunywa chai ghorofani, wekeni nafasi wiki kadhaa kabla, na mwangalie risiti: ada ya huduma huwa imeshaongezwa, hivyo hamna haja ya kuacha bakshishi nyingine.