Kabla ya kufungua kamba: kupishana kwenye mlango wa bandari ya Dar

Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, na pantoni za Magogoni na Kigamboni zinaukata mara kwa mara. Humo humo zinapita boti za Zanzibar, meli za makontena na mitumbwi ya wavuvi wa Soko la Feri. Ndiyo maana nasema nani ampishe nani ujue ukiwa bado gatini, mashine haijawashwa.

Anza na upande. Barabarani tunapita kushoto, majini tunapita kulia, na dereva wa gari aliyeshika usukani wa boti hukosea hapa kwa mazoea tu ya mkono. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinataka ushike ukingo wa kulia wa mkondo, yaani njia ya kupitia vyombo, kadiri ilivyo salama. Ukiingia kutoka bahari kuu, boya jekundu liwe kushoto kwako na la kijani kulia. Ukitoka, kinyume chake. Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja anakata kulia.

Boti nyingine ya mashine ikikatiza kutoka kulia kwako, wewe ndiye wa kupisha. Punguza mwendo au upite nyuma yake, na ugeuke mapema, tena sana, ili mwenzako aone umeamua. Kugeuka kidogo kidogo kunamwacha akibahatisha. Usiku, taa nyekundu inayokatiza kutoka kulia inakwambia upishe. Ya kijani ikitokea kushoto, yeye ndiye wa kukupisha: shika njia na mwendo wako huku ukimwangalia. Basi hakikisha na zako zinawaka kabla giza halijaingia. Tochi ya simu si taa ya boti.

Kwa pantoni mimi nina msimamo: subiri mbali, kabla haijafika mahali pa kuulizana nani ana haki. Imejaa watu na magari, na haiwezi kukwepa kama wewe.

Meli kubwa ndiyo ya kuiogopa kweli. Chombo chenye urefu wa chini ya mita 20 hakiruhusiwi kuizuia meli isiyoweza kupita salama nje ya mkondo. Tena nahodha wake haoni maji yaliyo karibu na omo, yaani mbele ya meli. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unaruhusu sehemu hiyo isiyoonekana ifike urefu wa meli mara mbili au mita 500, kipimo kilicho kifupi. Ukikatiza hapo, kwake haupo. Ukiona tagi, boti za kuvuta meli, zinaelekea mlangoni, ngoja uone zinafuata nini.

Jifunze honi: mlio mmoja mfupi, nakata kulia; miwili, kushoto; mitatu, mashine inarudi nyuma; mitano au zaidi ya haraka haraka, sielewi unafanya nini. Ukipigiwa mitano, punguza mwendo uangalie pande zote. Redio iwe chaneli 16.

Angalia pia maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wa maji mlangoni una nguvu, na anayesukumwa na mkondo hana breki. Wewe unayepanda dhidi yake unaweza kusimama palepale kwa mashine, basi mwachie nafasi.

La mwisho ni mawimbi unayoyaacha nyuma. Asubuhi moja karibu na Feri niliona boti ya starehe ikipita kwa kasi kando ya mtumbwi wa mzee mmoja. Hawakugongana. Lakini wimbi la pili liliingia ndani, ndoo ya samaki ikapinduka, na mzee akabaki anachota maji kwa kidumu kilichokatwa huku kijana wake ameshika ukingo kwa mikono miwili. Waliokuwa kwenye boti hawakugeuka hata kutazama. Punguza mwendo kabla hujaufikia mtumbwi, maana ukipunguza ukiwa sambamba nao, wimbi lako la nyuma linakuja vilevile. Na kabla hujaondoka, mweke mtu mmoja shetri, yaani nyuma ya boti, kazi yake iwe kuangalia nyuma.