Jinsi ya kuisoma Venice ukiwa Kigamboni

Sijawahi kufika Venice. Safari yangu ya majini ni ya pantoni: asubuhi Kigamboni kwenda Magogoni, jioni kurudi. Ila mwaka wa tisa huu naisoma Venice, na wenzangu wa pantoni wakiona daftari limetoka mfukoni huniuliza, "Mzee wa Italia, leo umefika wapi?" Wawili watatu wameniomba niwaelekeze waanzie wapi. Haya ndiyo maelekezo yangu.

Usianze na majumba wala orodha ya watawala. Mimi nilianza hivyo Maktaba Kuu pale Bibi Titi, nikachoka wiki ya pili. Anza na tope. Mji ule umekaa juu ya visiwa vidogo zaidi ya mia moja, katikati ya maji ya chumvi ya kina kifupi. Wajenzi walishindilia magogo wima kwenye tope, yamebanana, juu yake wakalaza mbao, kisha jiwe jeupe la Istria, rasi ya ng'ambo ya bahari yao, ndipo ukuta ukaanza. Kanisa la Santa Maria della Salute, lililoanza kujengwa 1631 kutimiza nadhiri ya wakati wa tauni, limekalia magogo zaidi ya milioni moja.

Mbona hayajaoza? Swali hili usilisome tu, nenda ukaone. Siku maji yamekupwa, nilimkuta mzee mmoja mvuvi aking'oa mti wa kufungia ngalawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona unakodoa macho?"

Nikamwonyesha: pale katikati mti ulikuwa umelika hadi unene wa kidole gumba, lakini kipande kilichotoka topeni kilikuwa kizima, cheusi, bado kina magome. Akakigonga kwa mpini wa kisu, kikalia ko, ko.

"Mti hauozi ukizikwa, mwanangu. Unaoza pale maji na hewa vinapogombania."

Ndiyo hivyo hivyo kule. Ndani ya tope hewa ni haba mno, kwa hiyo kuoza kunakwenda polepole sana. Tangu siku ile sijasahau msingi wa Venice.

Ukishalielewa tope, jifunze maneno ya mitaani, maana ramani haitakusaidia bila hayo. Calle ni uchochoro. Rio ni mfereji. Fondamenta ni njia iliyoambaa na mfereji. Sotoportego ni njia inayopenya chini ya nyumba ya mtu. Uwanja wa mtaa wanauita campo, yaani shamba au konde, na katikati yake mara nyingi utaona mdomo wa kisima. Kisima chenyewe si cha chemchemi. Ni tangi la chini ya ardhi lililozungushiwa udongo wa mfinyanzi na kujazwa mchanga wa kuchuja maji ya mvua, kwa kuwa walizungukwa na maji yasiyonyweka. Sisi tunaopanga ndoo tukisikia mvua juu ya bati tunawaelewa bila kufafanuliwa.

Namba za nyumba ndizo zilizonichekesha. Mji una sehemu sita, na namba hazifuati mtaa, zinafuata sehemu nzima. Sehemu ya Castello peke yake zinapita 6,000. Mwenyeji akikuelekeza atakutajia daraja, kanisa na duka la mkate, kama sisi tunavyomwambia bodaboda "ukipita mwembe, geti la bluu".

Kisha chagua neno moja ulifuatilie hadi kwao. La kwangu ni geto. Kijana wa Sinza anapangisha chumba kimoja, anaweka godoro na spika, anakuambia "njoo geto". Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba neno hilo lilizaliwa Venice. Mwaka 1516 Wayahudi waliamriwa kuishi kwenye kisiwa kidogo katika sehemu ya Cannaregio palipokuwa na kiwanda cha kuyeyushia shaba, na kwa lugha ya pale kiwanda hicho kiliitwa geto. Usiku mageti yalifungwa, na mishahara ya walinzi ikalipwa na hao hao waliofungiwa. Mageti yaliondolewa 1797, jeshi la Napoleon lilipoiangusha Jamhuri ya Venice. Nilimsimulia mpwa wangu nikiwa nimekaa kwenye godoro la geto lake. Akaangalia mlango, kisha akabadilisha wimbo.

Tafuta pia ramani ya Fra Mauro, mtawa aliyeichora mnamo 1450 kwenye kisiwa cha San Michele. Mara ya kwanza niliona imekaa kichwa chini. Nikaigeuza simu, simu nayo ikaigeuza picha, tukashindana hivyo hadi pantoni ikatia nanga. Kumbe kusini kipo juu, kama kwenye ramani za Waarabu. Izoee hivyo hivyo, usiigeuze. Utaona bahari yetu ya Hindi ameiacha wazi, hakuizungushia nchi kavu, na ncha ya kusini ya Afrika inazungukika kwa chombo, miaka zaidi ya 40 kabla Vasco da Gama hajapita huku. Mtawa hakutoka kisiwani kufika kwetu. Alitegemea habari za wasafiri. Hapo ndipo nilipojipa moyo na daftari langu.

Zoezi la kila siku ni moja: maji. Daftari langu lina safu mbili, Dar na Venice, kwa sababu mji ule hutangaza utabiri wa maji kujaa kwenye intaneti kila siku. Kwetu bamvua hupandisha maji zaidi ya meta tatu na pantoni inaendelea. Kwao kwa kawaida hayafiki hata meta moja, lakini ardhi iko chini, na ukivuma scirocco, ambao ndio kusi lao, bahari inasukumwa ndani. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimeta 194. Tarehe 12 Novemba 2019, 187. Tangu Oktoba 2020 wana mageti 78 ya chuma, yanaitwa MOSE, yanayoinuka kutoka chini ya bahari kuyazuia, kwa hiyo siku yakiinuliwa andika pembeni herufi M. Tumia penseli. Kalamu ya wino nilikoma nayo, siku wimbi liliporuka hadi sitaha.