Kuomba pesa za kuokoa ukingo wa Nyando

Maombi mengi ya miradi ya miti hukwama kwa kuwa yanaanza na miche badala ya mafuriko. Anayetoa pesa za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi huuliza kwanza: watu wanaumizwa na nini? Eleza maji ya mto Nyando yanavyoingia mashambani Ahero, kaunti ya Kisumu, na ukingo wenu umemomonyoka kwa urefu gani. Ndipo useme mizizi itashika udongo wapi.

Hesabu ifuate papo hapo. Ukingo wa kilomita 1 kwa upana wa mita 10 ni hekta 1. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hiyo ni miche 1,111. Ongeza asilimia 20 ya kujazia itakayokufa, yaani 222, ifike 1,333. Halafu ije sehemu inayosahaulika: uzio, palizi na mlinzi kwa miaka miwili. Bajeti ya miche peke yake ni bajeti ya kulisha mbuzi. Mikaratusi isitajwe, hunyonya maji mno kupandwa ukingoni.

Pesa za FLLoCA, mpango wa Kenya wa kufadhili miradi ya tabianchi inayoongozwa na jamii, hupitia kaunti, na miradi huanzia kwa kamati ya tabianchi ya wadi. Hudhurieni vikao vya kupanga miradi. Msipoingia kwenye orodha, andiko zuri halitawasaidia. Ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, zinazosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, huenda kwa vikundi moja kwa moja, lakini mchango wenu unatakiwa. Siku za kazi ya kujitolea ni mchango: zipigieni hesabu kwa shilingi.

Karatasi ni zile zile: cheti cha usajili (sheria ya Kenya ya 2022 ya usajili wa vikundi vya jamii inataka wanachama 10 au zaidi), katiba, kumbukumbu za mikutano, akaunti ya benki, na barua ya chama cha watumiaji maji cha eneo lenu. Ukingo ukipakana na shamba la mtu, pata idhini yake kwa maandishi. Ya mdomo hubadilika bei ya mahindi ikipanda.

Ratiba ifuate mvua, siyo tarehe. Andika "kupanda: wiki ya pili ya mvua, masika au vuli", kwa sababu pesa za Machi huweza kuingia Juni. Miche ikikaa kitaluni muda huo wote, mizizi hutoboa mfuko na kuzama ardhini, na ukiinua inakatika. Kwa hiyo mlipe mwenye kitalu awe anaisogeza na kuipunguza mizizi mpaka mvua ije.