Kama hujawahi kutumia AI, anza na kitu unakijua mpaka usingizini

Watu wengi wanaanza AI, yaani hizi programu unaziandikia swali zinakujibu kama mtu, kwa kuiuliza kitu hawajui kabisa, inawajibu kwa ujasiri kama mwalimu mkuu, wanaamini, alafu siku wakigundua haikuwa kweli wanaiacha na kusema ni uongo mtupu. Mimi nakwambia geuza. Wiki ya kwanza iulize tu vitu unavijua wewe mwenyewe vizuri, ndio uone inapatia wapi na inateleza wapi, na ukishaona inavyoteleza hautashikwa tena.

Nimemfundisha anti yangu hii kitu jioni jioni, yeye anauza mayai boilo na smokie kwa steji huku Kayole, kwa hivyo mifano mingi ni yake.

Kuingia ni rahisi. Huhitaji simu kali na huhitaji kulipa. Fungua intaneti kwa simu, andika chatgpt.com ama gemini.google.com, na Gemini unaingia na ileile akaunti ya Google ulifungulia Play Store. Claude pia iko. Chagua moja tu ukae nayo mwezi mzima, kurukaruka hakukufundishi kitu. Ukitaka apu chunga sana, kuna za kuigiza zenye logo inafanana na zinataka ulipe kila wiki, so kabla ya kuinstoo angalia jina la kampuni liko chini ya jina la apu: ChatGPT ni ya OpenAI, Gemini ni ya Google, Claude ni ya Anthropic. Bando haitakusumbua kama unaandika tu, picha na kuongea kwa sauti ndio zinakula.

Sasa swali la kwanza. Anti aliandika hivi, na nilimwacha aandike vile anaongea: "Trei ya mayai nanunua 450, yai moja nauza 30, kachumbari na gesi inakula 180, nabaki na ngapi?" Ikamjibu 270, na ikamwonyesha hesabu, mayai 30 mara 30 ni 900, toa 630. Hesabu iko sawa kabisa. Lakini anti akaangalia simu akatikisa kichwa, akasema, "Na yale yanapasuka kwa sufuria?" Nikamwambia iambie. Akaandika kila trei mawili hupasuka, ikarudia, 28 mara 30 ni 840, faida 210. Bob 60 imepotea kwa kila trei, na hiyo 60 hakuna mahali AI ingeitoa kama si yeye kuisema. Hapo ndipo alielewa, na sikuwa na haja ya kumhubiria: hii kitu haijui maisha yako, inajua kile umeiambia. Ukiona jibu liko juu juu, mara nyingi ni maelezo uliyaminya. Iambie wewe ni nani, uko wapi, unataka hiyo kitu ya nini, na jibu liwe refu kiasi gani.

Siku ingine tukaiuliza mambo ya bima ya hospitali. Ikaanza kueleza NHIF, malipo ya kila mwezi, kadi, kila kitu, na sisi wote hapo tunajua SHA ilichukua nafasi ya NHIF kutoka Oktoba 2024. Anti alikuwa amejisajili tayari ndio maana aliishika papo hapo. Fikiria kama hangejua.

Inafanya hivyo juu ya vile imetengenezwa. Izi programu zimesomeshwa maandishi mengi sana, mpaka tarehe fulani, alafu zinajibu kwa kukisia neno gani linafaa kufuata lingine. Haiendi kwa kabati kutoa faili ya ukweli. Ikikosa, inajaza, na inajaza kwa sauti ileile ya uhakika, na hiyo ndio hatari yenyewe. Kwa hivyo kwa kitu chochote chenye tarehe, ada ama sheria, iambie itafute kwa intaneti saa hiyo na ikupe linki, alafu ile linki uifungue wewe na usome. Mambo ya kodi malizia kwa KRA wenyewe, ya vitambulisho na paspoti kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali. Dawa, usiulize kipimo huku, uliza mtu wa kemisti.

Lugha nayo. Kiswahili inajua, ila maandishi ya Kiswahili iliyosomeshwa ni machache ukilinganisha na ya Kizungu, so wakati mwingine inakupa Kiswahili cha mtihani ama neno hujawahi sikia. Usinyamaze. Iambie, "andika vile mtu wa Nairobi anaongea na jirani." Sheng huwa inaibahatisha, usiitegemee hapo.

Nataka nikae kidogo kwa barua za kazi, juu hapa nilikaribia kuchoma mtu. Binamu yangu alikuwa anaomba kazi ya jikoni kwa hoteli moja, nikaiambia AI iandike barua nzuri, na kweli ikatoka nzuri, Kizungu safi, nikamtumia bila kuisoma mpaka mwisho. Yeye ndiye alinipigia: "Buda, mbona inasema niko na cheti cha usalama wa chakula na nimefanya kazi miaka 3?" Hana hicho cheti. Alikuwa amefanya miezi 8 kwa kibanda cha chapo madondo. Angeitwa intavyuu na kuulizwa hicho cheti angejibu nini? Tangu siku hiyo naanza hivi: naandika ukweli wote kwanza, ata kama ni mistari minne mibaya, alafu naiambia, "panga hii vizuri, usiongeze kitu sijasema." Na bado nasoma kila mstari.

Kazi yenye naona inasaidia watu wetu zaidi ni karatasi. Zile agrimenti za nyumba kurasa sita za Kizungu cha mawakili, unaweka sahihi juu umechoka kutafuta keja. Piga picha ya ukurasa, funika kwanza jina lako na namba ya kitambulisho na kidole ama kipande cha karatasi, alafu uliza: "Nikitaka kuhama natoa notisi ya muda gani, na diposti inaweza kukatwa kwa sababu gani? Ninukulie mstari wenyewe." Hilo neno la mwisho ndio muhimu. Ikishanukuu, unatafuta huo mstari kwa karatasi yako na macho yako. Ukikosa kuuona, jibu halipo.

Na siri zako zibaki zako. Pini ya M-Pesa, namba ya kitambulisho, neno la siri la benki, picha ya ripoti ya hospitali ya mtu mwingine, hizo haziingii humo hata kidogo. Kenya tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019 lakini ukishatuma kitu kwa hiari yako kukirudisha ni kazi. Ingia pia kwa setingi, tafuta sehemu ya data, na uzime ile ya kuruhusu mazungumzo yako yatumike kuifundisha.

Wiki iliyopita anti alinishangaza. Kuna mteja ana deni la mayai la bob 240 na ni jirani wa ploti, akaiomba AI imwandikie meseji. Ikaandika "Mpendwa mteja, tungependa kukukumbusha kuhusu salio lako." Anti akasema huyu atadhani nimeandikisha wakili. Bila kuniuliza akaandika tena: ni jirani yangu, watoto wetu wanacheza pamoja, sitaki akasirike, lakini kesho asubuhi nanunua trei na nahitaji hiyo pesa. Ikaleta hii: "Mama Brayo, habari ya jioni. Kesho asubuhi naenda kununua mayai na niko chini kidogo, ukiweza nitumie ile 240 leo nitashukuru." Akaitoa "nitashukuru", akaweka "asante dada", akatuma.