Somo: Uwanja wa mazoezi ya farasi wenye udongo mgumu wa mfinyanzi, tuanzie chini

Farasi akifanya kazi juu ya mfinyanzi mkavu, sikio hujua kabla ya jicho: kwato zinagonga ko, ko, ko kama kwenye sakafu ya saruji. Mshindo ule hupanda mguuni hadi kwenye viungo na kano. Sisi tunaofuga pembezoni mwa Nairobi tunaujua ule udongo mweusi. Januari unapasuka nyufa za kuingiza mkono, Aprili unaganda kwenye kwato kama ugali kwenye mwiko.

Kosa la wengi, nami nimelifanya, ni kumwaga lori la mchanga kisha kuupiga plau uchanganyike na mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi hazifiki milimita 0.002. Zinajaza kila nafasi kati ya punje za mchanga, na jua likipiga unapata tofali. Jike langu mmoja alichechemea wiki mbili kwa sababu hiyo, na bado inaniuma. Basi shika hili: mfinyanzi ubaki chini uwe sakafu, mchanga ukae juu uwe godoro.

Hatua ya 1: Ujue udongo wako
Jaza udongo theluthi ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa sana, kisha uiache itulie. Mchanga hutua kwa dakika moja hivi. Mfinyanzi huendelea kuyachafua maji hata siku nzima. Tabaka la juu, yaani mfinyanzi, likiwa nene, soma hatua zinazofuata mara mbili.

Hatua ya 2: Maji
Pesa yako ya kwanza iende hapa, hata kama mchanga utasubiri mwaka mwingine. Uinamishe uwanja asilimia 1 hadi 2: kwa upana wa mita 20, upande mmoja uwe chini kwa sentimita 20 hadi 40. Pima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji, kama wafanyavyo mafundi wa ujenzi. Chimba mtaro upande wa juu wa kuzuia maji yanayoshuka, na mwingine upande wa chini wa kuyatoa. Kisha subiri mvua kubwa, vaa gambuti, uzunguke ukitazama maji yanatuama wapi. Kila dimbwi utakaloliona siku hiyo litakuwa shimo baadaye.

Hatua ya 3: Sakafu
Ondoa nyasi na mizizi. Shindilia kwa rola udongo ukiwa na unyevu, usiwe tope. Udongo mweusi huvimba na kunywea, kwa hiyo kushindilia peke yake hakutoshi. Tandika kitambaa cha jiotekstaili, juu yake moramu (changarawe nyekundu ya barabarani) au kokoto ndogo, kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, ushindilie tena. Kitambaa huzuia mfinyanzi usipande na mawe yasizame. Mpitishe farasi: kwato isiache shimo.

Hatua ya 4: Mchanga
Tafuta uliooshwa, wenye punje za kona. Punje za mtoni zilizosuguliwa mviringo hubingirika chini ya kwato kama gololi. Chukua konzi, sugua viganjani. Ukiacha vumbi jingi, usinunue.

Anza na sentimita 5. Uwanja wa mita 20 kwa 40 utataka mita za ujazo 40, yaani zaidi ya tani 60. Ongeza kidogo kidogo, usipite 7 au 8. Kina kikizidi, kano huvutika, na umebadilisha ugonjwa tu.

Baada ya hapo ni haro nyepesi (reki kubwa ya kukokota) ambayo meno yake hayafiki kwenye sakafu, maji kabla ya mazoezi ili vumbi lisiingie mapafuni, na kuokota mavi kila siku.

MASWALI

Nakuru: Mwalimu, mwaka huu sina pesa ya mchanga. Nifanyeje?
Jibu: Baada ya mvua, bana udongo kiganjani. Ukishikana kisha ukamomonyoka ukiguswa, pitisha haro sentimita 3 hadi 5. Ukinata, uache. Ukikauka kabisa, farasi atembee tu. Telki (mwendo wa haraka, si mbio) iwe fupi, kuruka vizuizi hapana. Ukiwa na malisho yenye nyasi, mfanyizie mazoezi huko.

Arusha: Shikamoo mwalimu. Maseremala wananipa maranda bure. Niyamwage juu ya mfinyanzi?
Jibu: Marahaba. Kwa majuma machache utaona nafuu. Kisha yanaoza, yanashika maji, na masika farasi anateleza. Yapeleke bandani yawe malalo.

Machakos: Fundi wa barabara anasema nichanganye chokaa. Ni kweli?
Jibu: Ni kweli kwa sakafu ya chini pekee, kwani chokaa hupunguza kuvimba kwa udongo mweusi. Saisi wako (mtunza farasi) avae glavu, miwani na kitambaa puani. Farasi wasikanyage hapo mpaka ufunike kwa moramu, maana chokaa huunguza ngozi na kukausha kwato.